Rangi ya Biriani

Ghorofa ya tatu, Tudor, mwezi wa maji ya zamu:
Jumanne usiku, Ijumaa alfajiri,
mengine ni ya mkokoteni, madumu ya njano,
bei ikipanda kwa kila ngazi.
Tangi la paani ni moja, nyumba sita,
na kila Jumatano jioni ukiligonga
linajibu kama debe.

Nikasema ni Bi Zuena wa chini.
Sikumwambia yeye. Niliyasema ngazini,
mahali ambapo neno halihitaji miguu.
Ana wageni wa Lamu wasiokwisha, nikasema.
Nikahesabu kamba yake ya nguo,
kanzu tatu, mashuka manne,
nikazidisha kwa ndoo.

Ndipo akaja Mbwarali, fundi wa bomba,
spana mbili ndani ya begi la shule la mwanawe
na kikopo cha rangi ya biriani.
"Leo hatupiki," akasema.
Akaingia choo baada ya choo,
akainua kifuniko cha tangi, akakilaza juu ya taulo,
maana kauri ikidondoka haisamehe,
akatia kijiko kimoja, akafunika.
"Nusu saa. Asivute mtu. Hata akibanwa."

Tukakaa ngazini, nyumba sita,
mara ya kwanza tangu futari.
Bi Zuena akaleta kahawa tungu na kaimati za jana.
Nikala. Moja ilinikwama.

Mbwarali alieleza kama mtu anayemsifu mkwe:
"Maji huingia kwa adabu. Boya likipanda,
vali inafunga mlango.
Boya likinywa maji halipandi tena,
basi yanafurika kwenye mrija wa katikati,
na usiku kucha utasikia sss, sss.
Uvujaji wa kelele ni rafiki yako.
Muogope asiyesema.
Chini kabisa kuna mpira, mpana kama kiganja cha mtoto,
umekalia tundu. Mnyororo ukiwa mfupi, unaning'inia;
ukiwa mrefu, unajikunja chini yake.
Na chumvi ya visima vyetu hivi
inajijenga ukingoni, punje kwa punje,
mpaka mpira hauna pa kukaa."

"Na zile bolti mbili?" akauliza Mwakio.
"Zile ndizo zinazolishika tangi na bakuli.
Washa ya mpira ndani, ya chuma nje, usigeuze.
Kaza huku kidogo, kaza kule kidogo,
kama mama anayewamegea mkate mapacha.
Ukikaza upande mmoja kwa hasira
utasikia tak,
na hiyo tak hairudi nyuma."

Tulianzia chini.
Kwa Bi Zuena, maji bakulini meupe pe.
Kwa Mwakio, meupe.
Kwa wale wanafunzi, meupe,
ingawa choo kile kilikuwa na mengine ya kusema.
Changu nilifungua mwenyewe.

Rangi ya chungwa, rangi ya sinia la arusi,
imetandaa bila sauti.
Ilipendeza, hata.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma.
Bi Zuena alichungulia juu ya bega langu.
"Umekosa wali tu," akasema,
akashuka na birika lake.

Mbwarali akafunga koki ya ukutani,
akavuta, akakausha tangi kwa sponji,
akaikwangua chumvi kwa kitambaa chenye siki,
taratibu, kama anayemsugua mgonjwa mgongo.
Akavisha mpira mpya.
Mnyororo akauachia ulegevu wa pete mbili.
Akalaza karatasi kavu sakafuni, chini ya bolti:
"Ikiamka kavu, na wewe lala."

Iliamka kavu. Mimi sikulala.

Jumatano jioni nilipanda paani nikaligonga tangi:
zito, halikujibu.
Nikashuka ngazi zote.
Kambani kanzu tatu, mashuka manne.
Nikapiga hodi kwa Bi Zuena,
na aliposema karibu
sikujua nianze kukaza bolti ipi.